Mkasi wa Mgeni Rasmi

Mwalimu Elina Msengi alikuwa na hasira, na hakuwa na mpango wa kuificha. Aliamka nayo, akanywa nayo chai, akapanda nayo bodaboda mpaka shuleni, na kila alipopita mbele ya jengo jipya la maabara ya kemia ilimpanda upya mpaka utosini. Jengo lilikuwa zuri, hilo hakuna aliyebisha. Bati la buluu, madirisha ya alumini, kuta zimepakwa rangi ya maziwa. Mlangoni ulifungwa utepe wa rangi za bendera, na nyuma ya utepe kufuli kubwa. Ndani yalikuwapo maboksi ya vifaa, yamepangwa kwa unadhifu kama vitenge dukani. Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyewahi kukanyaga sakafu yake, maana maabara ilikuwa haijazinduliwa.

Asiyeyajua mambo haya atadhani ni utani. Hapana. Jengo lile lilikamilika mvua zilipokatika, likaambiwa lisubiri mgeni rasmi aje kukata utepe. Alizeti ikavunwa likisubiri. Ikakamuliwa, mafuta yakauzwa barabarani, mashudu yakaliwa na ng'ombe, nalo bado linasubiri. Mgeni wa kwanza aliahirisha kwa sababu ya ziara nyingine. Akapanga tena, na kabla hajafika uteuzi wake ukatenguliwa. Jina lake lilikuwa limeshachongwa kwenye jiwe la uzinduzi pale ukutani, kwa herufi za dhahabu, kwa hiyo fundi akaitwa kulibandua jiwe na kuchonga lingine lenye jina la mrithi wake. Fundi naye akachukua muda wake. Ndivyo watoto wa kidato cha nne walivyomaliza muhula mzima wakiitazama maabara yao kupitia dirishani.

Shule yenyewe ni ya kata, ukiiacha lami pale Mkiwa na kushika njia ya vumbi. Zamani ilipokuwa haina maabara, ilikuwa ikiazima vifaa shule ya jirani siku za mtihani. Mwaka huu jirani alikataa. "Ninyi si mna maabara mpya?" akauliza, na kwa kweli huwezi kumlaumu. Kwa hiyo maabara mpya iliwaacha watoto katika hali mbaya kuliko walivyokuwa walipokuwa hawana kitu, na mtihani wa vitendo ulikuwa Novemba. Hilo ndilo lililomkalia Elina kooni.

Wengine walisema mwalimu huyu ana gubu. Hawakumjua alikotoka.

Elina ni Mnyiramba wa Ulemo, binti wa wakulima wa mtama na alizeti. Kemia aliianzia jikoni kwa mama yake. Siku moja mama alikuwa anapika mlenda, bakuli la magadi likiwa kando, na Elina, mtoto wa kuchokonoachokonoa, akayamwagia magadi maji ya ukwaju. Yakachemka bila moto. Povu likapanda, likafurika, likamwagikia makaa yakafanya chwaa! Mama alimchapa kwa kuharibu magadi. Elina alilia sana, lakini si kwa fimbo. Alilia kwa sababu aliuliza kwa nini yamechemka na hakuna aliyemjibu. Alipomuuliza baba, baba akasema ndivyo yalivyo. Alipomuuliza mwalimu wake wa shule ya msingi, akaambiwa akafagie uwanja. Jibu la "ndivyo yalivyo" analichukia mpaka leo, na mwanafunzi akilitoa darasani kwake atasimama mpaka kengele ilie.

Sekondari alimpata mwalimu wa kemia aliyejua kuchora. Basi. Bureti, ule mrija wa kupimia kimiminika tone kwa tone, aliichora ubaoni kwa chaki, na koki yake, na mistari yake yote, ikapendeza hata ungetaka kuipigia picha. Pipeti nayo aliichora, tumbo lake katikati. Elina na wenzake walizinakili kwenye madaftari mwaka hadi mwaka, wakazijua kwa penseli bila kuzijua kwa mkono. Siku ya mtihani wa vitendo vikaletwa vifaa vya kuazima. Elina, wa kwanza darasani, akaishika pipeti kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alijua inavutwa kwa mdomo, kwa sababu ndivyo alivyosoma. Hakujua ivutwe kwa nguvu kiasi gani, kwa sababu hilo kitabu hakikusema. Akavuta kama anayevuta soda kwa mrija. Ile alkali, ndugu wa ile inayopikiwa sabuni, ikamjaa mdomoni. Ulimi ukateleza, halafu ukawaka. Akaitema yote juu ya karatasi yake ya majibu.

Msimamizi alicheka. "Ulikuwa na kiu?" akamuuliza mbele ya wote.

Mpaka Elina amalize kusukutua mdomo bombani, wenzake walikuwa wanamalizia hesabu. Matokeo yalipotoka, nafasi ya shule ya vipaji iliyokuwa inangojewa na ukoo mzima ilikuwa imemponyoka. Akaendelea kwa njia ndefu, shule hii na ile, mpaka akafika chuo kikuu, na alipoulizwa anataka kusomea nini akasema ualimu wa kemia kabla muulizaji hajamaliza swali. Wapo wanaoingia ualimu kwa kukosa kazi. Elina aliingia kulipiza kisasi. Kile kicheko cha msimamizi alikuwa bado anakisikia, na aliapa kwamba hakuna mtoto wa mtu atakayechekwa tena kwa kosa la kunyimwa kushika kitu.

Kwa hiyo alifundisha kwa kila kilichokamatika. Somo lake la kwanza na kila kidato kipya ni magadi na ukwaju, mpaka wanafunzi wakambandika jina la Madam Magadi, naye akalikubali. Maua ya rosela aliyachemsha akapata maji yanayobadilika rangi ukiyatia ndimu au majivu. Maabara ilipofungwa kufuli, alikwenda zahanati akaomba mipira ya dripu iliyopitwa na muda, ile yenye kigurudumu cha kupunguza matone. Akaitundika kwenye misumari ya darasa, akaifungia chupa za maji juu yake, na watoto wakajifunza kudondosha tone moja moja wakiwa wameinama. Walicheka, wakagombana, wakalowa. Walijifunza subira ya tone. Lakini mpira wa dripu hauna mistari ya kusoma, na mtihani unataka usome mstari. Elina alilijua hilo, na kila alipolikumbuka damu ilimchemka.

Alikwenda ofisini kwa mkuu wa shule, Mwalimu Gaspari, mara nyingi kiasi kwamba karani aliacha kumuuliza shida yake.

"Mkuu, nakuomba ufunguo. Tunaingia, tunafanya zoezi, tunasafisha, tunafunga. Utepe hatuugusi, tutapitia mlango wa nyuma."

"Mwalimu Elina, maabara haijazinduliwa."

"Mtihani nao unajua kama haijazinduliwa?"

Gaspari alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Si mtu mbaya, tuseme ukweli. Alimwona kwa macho yake mkuu mwenzake akivuliwa cheo mbele ya mkutano kwa sababu kiongozi alikuta darasa jipya lina alama za viatu ukutani. Tangu siku hiyo Gaspari aliogopa uchafu kuliko ujinga. "Kikivunjika kitu kimoja kabla mgeni hajakiona, atajibu nani?" akasema. "Nitajibu mimi. Na nina watoto wanasoma."

"Mimi nina watoto wanafeli," Elina akamjibu, akatoka bila kuaga.

Hatimaye mwezi wa kumi ikaja tarehe. Safari hii ya uhakika, wakaambiwa. Shule ikapinduliwa juu chini. Mawe yakapakwa chokaa, miti ikapakwa chokaa, kwaya ikatolewa darasani kufanya mazoezi tangu asubuhi. Gaspari akamwita Elina akampa maelekezo: mgeni akishakata utepe ataingia ndani, kwa hiyo ziandaliwe glasi na chupa zenye maji ya rangi, nyekundu, kijani na buluu, na wanafunzi wasimame wakimimina mimina.

"Rangi gani, Mkuu? Ya kemikali ipi?"

"Ya juisi ya unga. Ipo dukani. Mgeni hajui."

"Mgeni hajui, ila mtoto anajua," Elina akasema kwa hasira. "Unataka nimfundishe mtoto kudanganya ndani ya chumba ambacho sijawahi kumfundishia ukweli?"

"Basi maonyesho hayatakuwepo. Na yule msichana wako, Witness, nimempa kazi. Atashika trei ya mkasi. Ni mrefu, ana nidhamu."

Witness Manase alikuwa wa kwanza kidato cha nne, kama Elina alivyokuwa enzi zake. Alitaka kuwa mfamasia. Kwa muda wote aliosoma kemia hajawahi kushika bureti, na sasa shule ilikuwa imempatia kitu cha kushika: trei.

Siku ikafika. Wazazi waliketi kwenye viti vya plastiki juani tangu asubuhi, maana turubai lilitosha meza kuu tu. Ndio waliolijenga jengo lile. Wanaume walisomba mawe na mchanga kwa mikokoteni ya punda, wanawake walibeba maji ya zege kichwani kutoka bwawani. Mstari wa mbele aliketi baba yake Witness, Mzee Manase, mkulima wa Kinyaturu asiye na maneno mengi, amevaa koti lake la kanisani. Elina alimpitia akamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Huyu mtu anakuja kweli?"

"Wanasema yuko njiani."

Yuko njiani mpaka saa sita. Yuko njiani mpaka kwaya ikaishiwa nyimbo ikarudia za mwanzo. Witness alisimama mlangoni na trei yake iliyotandikwa kitambaa cheupe, mkasi mpya umelala juu yake, jasho likimtiririka shingoni. Jua lilipoanza kuinama simu ya Gaspari ikalia. Aliipokea akiwa amesimama wima kama yuko gwaride. Aliitikia "ndiyo mheshimiwa" tu, mwanzo mpaka mwisho, kisha akashika kipaza sauti.

"Ndugu wazazi, tumepata taarifa. Msafara umeshapita Mkiwa, unaelekea Manyoni. Ratiba imebana. Mgeni rasmi anawasalimu sana, na tutapangiwa tarehe nyingine. Tuimbe wimbo wa kufunga, tutawanyike kwa amani."

Watu wamezoea, na hapo ndipo penye uchungu. Waliinuka, wakakung'uta nguo, wakaanza kuokota kandambili zao. Hakuna aliyepiga kelele. Kama kuna kitu kilichompandisha Elina mori siku ile, si mgeni kupita. Ni jinsi watu walivyoinuka kimya, kama wamefukuzwa kwenye shamba la mtu mwingine. Alijikuta ameshafika mlangoni kabla hajajua anakwenda kufanya nini.

"Witness," akasema. "Kata."

Witness alimtazama kama hajasikia. "Madam?"

"Mkasi unao. Utepe huo hapo. Kata."

"Mwalimu Elina!" Gaspari akaita, kipaza sauti kikiwa bado mdomoni, na uwanja mzima ukageuka. "Usijitafutie matatizo! Mwanafunzi hawezi kuzindua jengo la serikali!"

"Mtihani ni wiki chache zijazo, Mkuu. Tarehe nyingine ni lini? Nitajie. Nitajie nikae!"

Witness alimtafuta baba yake kwa macho. Mzee Manase alikuwa ameshasimama. Alinung'unika kitu kikali kwa Kinyaturu ambacho wazee wenzake walikielewa wakaguna, kisha akahamia kwenye Kiswahili, sauti yake ikasikika bila kipaza sauti.

"Mawe ya msingi wa nyumba hii nimeyasomba mimi. Punda wangu mmoja alianguka na mkokoteni, akafa pale kwenye mteremko. Nilimzika nikarudi na mwingine. Sikumsubiri mgeni rasmi anizindulie punda. Kata, mwanangu."

Witness akakata. Mkasi mpya ulikuwa butu, ikabidi arudie. Utepe ulipoanguka akina mama wakapiga vigelegele ambavyo havikuwemo kwenye ratiba. Gaspari alishuka jukwaani polepole. Watu walimpisha njia wakidhani anakuja kufanya fujo. Alipofika mlangoni aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akauweka juu ya trei pale mkasi ulipokuwa. Kisha akaenda kuketi kwenye kiti cha mgeni rasmi, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu, akashika kichwa.

Wakaingia. Harufu ya rangi mpya iliwapokea, na vumbi jembamba juu ya meza za vigae. Wazazi walijazana mlangoni na madirishani. Elina alichana gundi ya boksi la kwanza kwa kucha, hakungoja kisu, moyo ukimdunda kama yeye ndiye mwanafunzi. Alitoa karatasi za kufungia, akazitupa chini, akaingiza mikono.

Sumaku. Sumaku nyingine. Nyaya nyekundu na nyeusi. Lenzi zimefungwa kwenye pamba.

Akafungua la pili. Vioo, betri, balbu ndogo ndogo. La tatu, mawe ya mizani. Watoto waliokuwa wakimsaidia walikuwa wanashangilia kila kitu kinachotoka, maana vilikuwa vipya na vinang'aa, lakini Elina alikuwa akitafuta chupa za kemikali asione hata moja.

"Madam!" Witness akapiga kelele za furaha upande wa pili wa meza. Alikuwa ameinua juu kitu kirefu, mrija wa plastiki angavu wenye mistari na namba kuanzia juu mpaka chini, uso wake wote umewaka. "Madam, bureti!"

Ilikuwa mizani ya springi. Ya fizikia. Ya kupimia uzito wa jiwe. Msichana wa kwanza darasani, aliyeichora bureti mpaka angeweza kuichora usingizini, alikuwa ameshika mizani akidhani ndiyo. Elina aliufungua mdomo amsahihishe. Ule uchungu wa alkali ukamrudia ulimini, wa miaka yote ile, kana kwamba ameutema jana.

Aliligeuza boksi chini juu. Kwenye kitako, kwa kalamu nene ya wino, liliandikwa jina la shule nyingine, ya upande wa Iramba, ambayo ilijengewa maabara ya fizikia mwaka huo huo. Lori lilikuwa moja. Dereva alishusha ya kule huku, na ya huku kule. Kosa la kitoto, ambalo lingerekebishwa siku ile ile kama mtu mmoja tu angefungua boksi moja tu. Lakini maboksi yalipangwa vizuri ili yapendeze, na hakuna aliyeyainua. Yalifungiwa ndani, yakapigiwa deki pembeni, yakalindwa na mlinzi usiku na mchana, yakamsubiri mgeni.

Gaspari alikuwa amefika mlangoni. Alilisoma lile jina, akalisoma tena. "Nilisaini mimi," akasema kwa sauti ndogo. "Nilihesabu maboksi. Sikuyafungua."

"Hukuyafungua," Elina akasema. Alitaka kumpigia kelele, na alikuwa na kila haki, lakini mbele yake kulikuwa na watoto wameshika sumaku wakimtazama. Alitoa simu. Katika shule ile ya Iramba alimfahamu mwalimu mmoja wa sayansi, Paschal, aliyekutana naye kwenye semina. Akaweka sauti ya nje ili Mkuu asikie.

"Mwalimu Paschal, habari za huko? Nisikilize vizuri. Yale maboksi yenu ya maabara, mmeshayafungua?"

Paschal alicheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Tuyafungue vipi, mwalimu? Yamo ndani, yamefungiwa. Watoto wangu wa fizikia nao wananililia kila siku. Si unajua, maabara yetu bado haijazinduliwa."

Nje akina mama walikuwa bado wanapiga vigelegele. Elina alikata simu akairudisha mfukoni. Akaichukua ile mizani ya springi mikononi mwa Witness, taratibu, akairudisha ndani ya boksi, akalifunga boksi.

"Mzee Manase," akaita dirishani, "punda wako anaweza kuyafikisha haya lami alfajiri?"

"Anaweza."

"Mkuu, utatafuta gari la kutoka hapo lami. Utatafuta, au nitapanda nayo basi mapajani."

Gaspari akatikisa kichwa kukubali.

"Witness," Elina akasema, akanyoosha mkono. "Nipe huo mkasi. Kesho nakwenda nao Iramba."